Kuelekea, Kuelekezwa na Kujielekeza: Uhakiki wa Istilahi za Ukuaji wa Hamira

Yapo mambo ya elimu ya viumbe ambayo yakisomwa katika lugha ya kigeni huonekana magumu, na yakisomwa katika tafsiri ya Kiswahili huonekana mepesi mno. Wepesi huo si sifa daima. Mara nyingi hutokana na mfasiri kumpa msomaji picha aliyokwisha kuizoea, na picha hiyo ikachukua nafasi ya jambo lenyewe. Msomaji hufurahi kwamba ameelewa, kumbe alichoelewa ni kitu kingine.

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza mfano mmoja wa hali hiyo, nao ni namna seli za hamira zinavyokuza miili yao kuelekea kwenye ishara za seli zinazotaka kuungana nazo. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, jambo lenyewe limechunguzwa na wataalamu kwa zaidi ya nusu karne, hivyo tunayo mizani ya kuyapimia maneno. Pili, mfano huu unagusa mahali ambapo kitenzi cha Kiswahili kina utajiri mkubwa wa minyambuliko, na kwa sababu ya utajiri huo ni rahisi mfasiri kuchukua umbo lisilofaa bila ya kutambua.

Ili uhakiki wetu usielee hewani, tumetunga sentensi moja inayokusanya maneno ambayo mfasiri mwenye haraka huyafikia kwanza:

"Seli dume ya hamira hunusa harufu ya seli jike, kisha huelekea kwake ili wajamiiane."

Sentensi hii inasomeka vizuri, na mwanafunzi angeikariri bila ya taabu. Hata hivyo, karibu kila neno lenye uzito ndani yake limepotoka. Seli hiyo si dume, hainusi, kinachoifikia si harufu, haiendi popote, na tendo la mwisho si kujamiiana. Tutayachukua maneno haya moja baada ya jingine. Lakini kwanza hapana budi tulieleze jambo lenyewe.

1. JAMBO LENYEWE

Hamira inayoumulia mikate na kuchachusha bia ni kiumbe cha jamii ya kuvu, nacho huitwa na wataalamu Saccharomyces cerevisiae. Kila hamira ni seli moja yenye umbo la yai, na upana wake ni kama maikromita 5. Seli 200 zikipangwa katika mstari ndipo hutimia milimita 1. Seli hii haina mguu wala mkia wa kuogelea. Pale ilipowekwa na maji au unga ndipo inapokaa. Huongezeka kwa kuchipua, yaani kijiseli kidogo hutokeza ubavuni mwa seli mama, hukua, kisha hujitenga.

Mwaka 1943 mtaalamu wa Kimarekani Carl Lindegren alionyesha kwamba seli za hamira hii zimo za aina mbili, ambazo zilipewa majina a na alfa. Seli ya aina a haiungani na a mwenzake, wala alfa na alfa; huungana a na alfa tu. Kila aina hutoa nje kipande kifupi cha protini ambacho husambaa katika majimaji yanayoizunguka. Kile cha alfa ni mnyororo wa asidi amino 13. Kile cha a ni mnyororo wa asidi amino 12 ulioambatishwa mafuta mwishoni. Mwaka 1970 Duntze, MacKay na Manney walitangaza kwamba kitu kinachotolewa na seli za alfa na kusambaa chaweza chenyewe, bila ya seli hizo kuwapo karibu, kuzifanya seli za a zibadilike umbo.

Mabadiliko hayo ndiyo kiini cha mjadala wetu. Seli inapoipata ishara ya aina ya pili huacha kujigawa. Kisha sehemu moja ya ukuta wake huanza kutokeza na kurefuka upande ule ambako ishara ni nyingi zaidi. Seli ya pili nayo hufanya vivyo hivyo. Ncha mbili zikikutana, kuta zilizo kati yake huyeyuka, seli mbili zikawa moja, na viini vyake viwili vikawa kiini kimoja.

Msomaji aangalie vizuri: katika maelezo yote hayo hakuna seli iliyoondoka mahali pake.

2. NENO LETU LILILOSAFIRI

Kabla ya kuanza kuhukumu, yafaa tukumbuke kwamba katika taaluma hii Kiswahili si mwombaji tu. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani Paul Lindner alieleza hamira ya aina nyingine, iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika ya Mashariki. Hamira hii ina umbo la kijiti, nayo haichipui, bali hurefuka kwenye ncha zake kisha hupasuka katikati kuwa seli mbili zilizo sawa. Lindner aliipa jina Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ya jina ni ya Kiyunani na maana yake ni kuvu la sukari linalopasuka. Sehemu ya pili ni neno letu sisi, halikuongezwa herufi wala kupunguzwa.

Tangu hapo neno hilo limekaa katika vitabu vya sayansi duniani kote. Urs Leupold aliichunguza hamira hiyo kuanzia miaka ya 1940, na Murdoch Mitchison kule Edinburgh kuanzia miaka ya 1950. Paul Nurse, aliyegawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001 na Leland Hartwell na Tim Hunt kwa uchunguzi wa namna seli zinavyoongoza kujigawa kwake, aliifanya kazi yake kwa hamira hii ya pombe, hali Hartwell alitumia ile ya mikate. Katika maabara zote hizo neno "pombe" hutamkwa kila siku na watu wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili.

Historia hii yatupa mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba neno likihamia katika istilahi hubadilika kazi. Kwetu pombe ni kinywaji. Katika jina la Lindner pombe ni kiumbe. Mfasiri anayekutana na neno hili katika makala ya sayansi asidhani kwamba linazungumzwa jambo la ulevi, na asilitafsiri. La pili ni kwamba ukopaji si aibu. Lindner hakuona haja ya kutafuta neno la Kijerumani pale ambapo neno la wenyeji lilifaa. Basi nasi tusione haya kukopa neno la kigeni pale linapofaa, wala tusilikatae kwa sababu tu ya kabila lake.

Hapa hapa yafaa pia kutenganisha maneno mawili ambayo huchanganywa, yaani "hamira" na "chachu". Chachu yatokana na kuchacha. Ni kitu chochote kinachochachusha, hata kama ni masimbi ya togwa ya jana au donge la unga uliolala. Kwa hiyo chachu ni jina la kazi. Hamira, ambalo asili yake ni Kiarabu, watu wamezoea kulitumia kwa kitu kinachonunuliwa dukani, na katika elimu ya viumbe lafaa kuwa jina la kiumbe chenyewe. Tukishika tofauti hiyo twaweza kusema "hamira ya kuchipua" na "hamira ya kupasuka", na mwanafunzi ataiona tofauti ya viumbe hivi viwili katika majina yenyewe, jambo ambalo majina ya kitaalamu hayampi mpaka ajifunze Kiyunani.

3. DUME, JIKE NA KUJAMIIANA

Mfasiri huandika "dume" na "jike" kwa sababu ya kuona aina mbili zinazohitajiana. Lakini dume na jike katika elimu ya viumbe vina maana yake: mwenye mbegu ndogo ziendazo ni dume, na mwenye yai kubwa likaalo ni jike. Seli za a na za alfa zina ukubwa mmoja na muundo mmoja. Zote mbili hutoa ishara, zote mbili hupokea, zote mbili hurefuka kuifuata nyingine. Hakuna hata kigezo kimoja cha kuamua ipi iitwe nini. Mfasiri akichagua, amechagua kwa bahati nasibu, na mwanafunzi atakuja kuulizwa katika mtihani kwa nini a ni jike, naye hatakuwa na jibu kwa kuwa jibu halipo.

"Kujamiiana" ni neno la watu, na "kupandana" ni neno la wanyama. Yote mawili hutaja miili miwili inayokutana kisha ikaachana, kila mmoja akabaki yeye. Seli za hamira zikikutana haziachani. "Kutungishwa" nalo lina yai na mbegu ndani yake. Neno lililo wazi ni "kuungana", kwa sababu ndilo lisemalo kilichotokea: vilikuwa viwili, sasa ni kimoja. Kwa msingi huo twapendekeza "aina ya kuungana" kwa ile tofauti ya a na alfa. Jina hili halina madaha, lakini halidanganyi.

Tena msomaji atazame kiambishi katika neno "wajamiiane" la sentensi yetu. Seli katika Kiswahili ni ya ngeli ya i- na zi-. Mfasiri ameiingiza katika ngeli ya watu bila ya kutangaza. Hilo si kosa dogo la sarufi. Tangu alipoandika "dume" alikwisha kuwaona watu wawili, na upatanisho wa kisarufi umetoa siri yake.

4. HARUFU, MSHENGA NA FEROMONI

Harufu husafiri hewani ikaingia puani. Ishara ya hamira husambaa majini, nayo hunaswa na protini zilizo juu ya ngozi ya seli. Kwa hiyo "kunusa harufu" huondoa maji na kuleta hewa, huondoa ngozi na kuleta pua. Mwalimu aliyesoma sentensi ile hataweza kumweleza mwanafunzi kwa nini jaribio hufanywa katika majimaji.

Wapo watakaopendekeza "mshenga", na pendekezo hilo lina mvuto, kwa kuwa hata wataalamu wenyewe hupenda lugha ya uchumba. Mwaka 1990 Jackson na Hartwell, walipoonyesha kwamba seli ya hamira ikiwa na wenzi wengi karibu huungana na yule mwenye ishara kali kuliko wote, waliliita jambo hilo uchumba katika kichwa cha makala yao. Lakini mshenga ni mtu wa tatu, hutumwa na upande wa mume kwenda upande wa mke, naye huwa na maneno yake ya kupamba. Hapa kila upande hutuma na kila upande hutumiwa, na kinachotumwa hakina la kuongeza. Mwalimu aweza kumtaja mshenga darasani kama mfano, kisha aeleze mfano huo unakomea wapi. Istilahi haina nafasi ya kueleza inakomea wapi. Ndiyo maana mfano mzuri waweza kuwa istilahi mbaya.

Twaona lifaalo ni "feromoni". Neno hili lilibuniwa mwaka 1959 na Karlson na Lüscher kutokana na maneno ya Kiyunani ya kubeba na kuchochea, ili kutaja kitu ambacho kiumbe hukitoa nje nacho huathiri kiumbe mwingine wa jamii yake. Hivyo hata kwa Waingereza na Wajerumani ni neno la kubuniwa. Lina faida kwamba linatofautiana na "homoni", ambayo hufanya kazi ndani ya mwili ule ule ulioitoa, na huku linashabihiana nalo kiasi cha kumwonyesha msomaji udugu wao.

Kwa protini inayoinasa feromoni, "kipokezi" chatosha, nalo twalitilia mkazo kwa sababu kubwa. Kipokezi cha hamira ni cha ukoo ule ule wa vipokezi vya adrenalini na vya mwanga katika mwili wa binadamu, ukoo ambao uchunguzi wake uliwapatia Robert Lefkowitz na Brian Kobilka Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012, na ambao dawa nyingi zitumikazo hospitalini huulenga. Neno litakalokubaliwa katika kitabu cha hamira ndilo litakaloandikwa katika karatasi ya maelezo ya dawa. Mfasiri wa elimu ya viumbe akiandika "kipokezi" na mfasiri wa Wizara akaandika "kidaka", mgonjwa na mwanafunzi watadhani ni vitu viwili.

Limebaki jambo la wingi wa feromoni. Hapa Kiswahili kimejaaliwa. Tunasema chai imekolea sukari. Basi wingi wa kitu ndani ya maji ni "ukolezi" wake. Na kwa kuwa karibu na seli inayotoa feromoni ukolezi ni mkubwa, ukipungua kadiri mtu aendavyo mbali, hali hiyo ya kupungua au kuongezeka taratibu yaweza kuitwa "mwinamo wa ukolezi". Wengine hupenda "mteremko". Ubaya wake ni kwamba mteremko humwambia msomaji ashuke, ilhali seli hukua upande wa kupanda.

5. KITENZI KIMOJA, MAANA TATU

Sasa tumefika kwenye neno lililo zito kuliko yote, nalo ni "huelekea".

Kitenzi "kuelekea" kina maana mbili katika matumizi ya kila siku. Tukisema msikiti unaelekea kibla, msikiti haukuondoka. Umeukabili upande huo tu. Tukisema basi linaelekea Morogoro, basi liko njiani. Maana ya kwanza ni kukabili, ya pili ni kwenda. Katika mazungumzo nomino hutuondolea shaka, kwa kuwa twajua kwamba misikiti haitembei na mabasi hutembea. Lakini mwanafunzi asiyepata kuiona seli ya hamira hana cha kumwondolea shaka. Akisoma kwamba seli inaelekea kwa mwenzi wake, atadhani inakwenda. Na kwa kuwa huenda amefundishwa kwamba seli nyeupe za damu huwaendea bakteria, atayaweka mambo mawili katika fungu moja.

Mafungu ni mawili. Seli nyeupe ya damu huhama. Mwili wake wote hubadili mahali. Hamira hukua, mwili hubaki na sehemu yake moja hurefuka. Hamira yalingana zaidi na mrija wa chavua, ambao hurefuka ndani ya ua mpaka ukakifikia kiiniyai, au na mche uinamao kufuata mwanga wa dirisha. Wataalamu wa lugha nyingine hutumia viishio viwili tofauti vya Kiyunani kwa mafungu haya. Sisi nasi sharti tuyatenge, na Kiswahili kinazo nomino mbili zilizo wazi kabisa kwa kazi hiyo, yaani "mwendo" na "ukuaji".

Lakini ni ukuaji wa namna gani? Hapa wafasiri hutoa vivumishi, na vingi huanguka. "Ukuaji elekevu" haufai, maana mwelekevu ni mtu afahamuye upesi afundishwapo. "Ukuaji elekezi" nao haufai, kwani kilicho elekezi huwaonyesha wengine njia, kama bei elekezi iwaelekezavyo wafanyabiashara. Hapa ukuaji hauonyeshi njia, bali waifuata. Mtu ataona basi kwamba umbo la kutendwa ndilo jawabu, na kusema "ukuaji wa kuelekezwa". Umbo hili ni bora kuliko yaliyotangulia, nasi tusingelikataa kama elimu ya hamira ingelikomea pale ilipokuwa miaka ya 1980.

Lakini tuulize: ni nani anayeielekeza hamira? Kutendwa kwataka mtenda. Jibu la haraka ni feromoni. Matokeo ya majaribio hayakubali jibu hilo moja kwa moja. Mwaka 1993 Jeffrey Segall aliziweka seli za a katika mwinamo wa feromoni ya alfa aliouandaa, akaonyesha kwamba seli huweza kupata upande sahihi hata tofauti ya ukolezi kati ya ubavu mmoja na wa pili ikiwa kama asilimia 1 tu. Tofauti ndogo namna hiyo haiwezi kuisukuma seli kama upepo usukumavyo tanga. Seli yenyewe hufanya kazi ya kulinganisha.

Na kazi hiyo imeonekana. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliochunguza hamira ya kuchipua, na wale wa Lausanne, Uswisi, waliochunguza hamira ya pombe, walitangaza mambo yanayofanana. Protini zinazoanzisha ukuaji hujikusanya katika kijibaka kidogo chini ya ngozi ya seli. Kijibaka hicho hakitulii mwanzoni. Hutangatanga ukingoni mwa seli, hujaribu huku na huku, na pale kinapokutana na feromoni nyingi hukaa kwa muda mrefu zaidi, hata mwisho ukuaji ukathibiti hapo. Kwa maneno mengine, seli hutafuta. Tena seli ya a hutoa nje kimeng'enya kinachoivunja feromoni ya alfa. Kwa mtu anayeifikiria seli kama kipokezi kinachongoja, jambo hilo ni la ajabu: kwa nini iharibu habari inayoingoja? Sababu ni kwamba feromoni ikijaa pande zote, vipokezi vyote hushikwa, na tofauti ya upande na upande hupotea. Seli huyasafisha mazingira yake ili mwelekeo ubaki dhahiri.

Kwa hiyo umbo linalolingana na kweli si la kutendea wala la kutendwa, bali la kujitendea: "kujielekeza". Seli hujielekeza kwa kutumia feromoni. Mtenda ni seli. Feromoni ni chombo cha kazi hiyo. Istilahi tunayopendekeza ni "ukuaji wa kujielekeza", na ndugu yake, kwa zile seli zinazohama, ni "mwendo wa kujielekeza". Zikiwa pamoja, istilahi hizi mbili hufanya mfumo: sehemu ya kwanza husema ni tendo gani, sehemu ya pili husema uelekeo umetoka wapi.

Litatolewa pingamizi kwamba "kujielekeza" humpa kiumbe kisicho na akili nia ya kibinadamu, kosa lile lile tulilolilaumu katika "mshenga". Hatudhani kwamba pingamizi hili lina nguvu. Kiambishi "ji" katika Kiswahili hakidai nia. Twasema mlango umejifunga, wala hatuudhanii mlango kuwa umeamua. Twataka tu kusema kwamba hakuna mtu aliyeufunga. Hiyo ndiyo habari tunayotaka kuitoa hapa pia, kwamba hakuna mwingine aliyeielekeza seli.

6. MCHOMOZO

Neno la mwisho ni la ile sehemu inayotokeza. Wataalamu wa Kimarekani huiita seli yenye umbo hilo kwa jina la kiumbe wa katuni aliyechorwa na Al Capp mwaka 1948, mwenye mwili mnene na kichwa chembamba. Kwao jina hilo ni mzaha unaoeleweka. Kulikopa kwa kulitohoa ni kuuleta mzaha bila ya kicheko. Neno litakuwa gumu kutamka na halitakuwa na habari yoyote ndani yake. Hii ndiyo tofauti kati ya kukopa "feromoni" na kukopa jina hili: feromoni huleta maana na nafasi yake katika mfumo, jina la katuni halileti kitu.

Sisi tunacho kitenzi "kuchomoza". Jua huchomoza, jino huchomoza. Kinachochomoza hutoka ndani kikaonekana nje, lakini shina lake halikuondoka. Basi sehemu hiyo iwe "mchomozo". Mwalimu akitaka kuwachorea wanafunzi, awaambie kwamba seli iliyochomoza hufanana na kibuyu chenye shingo, nao watamwelewa.

Faida kubwa zaidi imo katika mnyambuliko. Seli "huchomoza" ni jambo moja; seli "huchomozea" upande fulani ni jambo jingine. Tofauti hiyo si ya mapambo. Seli ikizungukwa na feromoni nyingi iliyo sawa pande zote, bado huchomoza, lakini huchomoza jirani na mahali ilipochipua mara ya mwisho, kwa kukosa pa kulenga. Na mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba baadhi ya hitilafu katika jeni iitwayo FAR1 huziacha seli zikiweza kuchomoza lakini zisiweze kulenga. Kuchomoza na kulenga ni kazi mbili zinazoweza kutenganishwa maabarani. Lugha inayozitenganisha kwa silabi moja yastahili kutumiwa kwa ukamilifu.

7. MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo: "hamira" kwa kiumbe na "chachu" kwa kazi, "hamira ya kuchipua" na "hamira ya kupasuka", "kuungana" na "aina ya kuungana" badala ya kujamiiana, dume na jike, "feromoni", "kipokezi", "ukolezi" na "mwinamo wa ukolezi", "ukuaji wa kujielekeza" ukitengwa na "mwendo wa kujielekeza", na "mchomozo" pamoja na vitenzi "kuchomoza" na "kuchomozea".

Sentensi yetu ya mwanzo sasa yaweza kuandikwa hivi:

"Seli ya hamira ikipata feromoni ya aina ya pili huacha kujigawa, hujielekeza kwa kulinganisha ukolezi wa pande zake, kisha huchomozea upande wenye ukolezi mkubwa mpaka ikutane na mchomozo wa seli ya pili, nazo zikaungana."

Sentensi hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, wala haina mvuto wa hadithi. Lakini mwalimu akiulizwa swali lolote juu yake ataweza kujibu kwa kurudi kwenye maneno yake yenyewe: kwa nini seli haihami, kwa nini hakuna dume, kwa nini feromoni ikizidi pande zote mchomozo hupotea njia. Sentensi ya kwanza ingemlazimu kila mara aikane ili ajibu.

Neno likishachapwa katika kitabu cha shule hukaa humo miaka mingi. Kitabu huchakaa, na neno hubaki vinywani mwa waliokisoma, ambao baadhi yao ndio watakaokuwa waganga, wataalamu wa kilimo na wafasiri wa kesho. Kuliondoa ni kazi kubwa kuliko kulichagua. Kwa hiyo twawaomba wafasiri, kabla ya kupeleka orodha zao mbele ya kamati za usanifishaji, wasiishie kuuliza neno la kigeni lina maana gani katika kamusi. Waulize pia kitu chenyewe kinafanya nini, nani anatenda, nani anatendwa, na nani anajitendea. Maswali hayo matatu Kiswahili kina viambishi vya kuyajibu. Mwenye kuvitumia bila ya kuuliza ataandika sarufi sahihi na sayansi ya uongo.